Huduma Inayomtoa Nje Hata Mtoto Mwema: Tathmini ya Dawati la Wazee Dodoma

Huduma ninayoitathmini hapa ni dawati la wazee linaloendeshwa na wasaidizi wa kisheria katikati ya Jiji la Dodoma, umbali mfupi kwa miguu kutoka Soko la Majengo. Dawati hilo huwapokea wazee ambao mali, fedha au amani yao imeingiliwa na watu wa nyumbani mwao wenyewe, yaani watoto, wajukuu, wakwe na ndugu wa karibu. Jina la kituo nimeliacha kwa sababu shauri la mama yangu bado halijafungwa, na upande wa pili wa shauri hilo ni kaka yangu wa tumbo moja. Sidhani kama msomaji atapungukiwa na kitu kwa hilo, kwa kuwa wasaidizi wa kisheria wapo katika wilaya nyingi, wanafanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na sifa na kasoro nitakazozitaja zinaweza kutumiwa kupimia kituo chochote cha aina hiyo.

Kwa asiyeishi huku, ni vema kueleza kwa nini dawati la namna hii lina foleni. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi mashamba ya pembezoni yaliendelea kuwa ya uwele, mtama na karanga, na hakuna aliyeyagombania. Baada ya mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo, Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, Msalato ikapangiwa uwanja wa ndege wa kimataifa, na vijiji vya Chamwino vilivyo jirani na Ikulu vikaanza kutembelewa na madalali wa pikipiki. Shamba lililokuwa likitoa magunia machache mvua ikikubali likawa mali ambayo kijana asiye na kazi anaweza kuibadilisha kuwa fedha taslimu ndani ya juma moja, na kikwazo pekee kilichobaki kati yake na fedha hizo ni mzee mwenye shamba.

Kwa mama, kikwazo hicho kilivukwa kwa dole gumba. Tulipofika dawatini tulikuwa na nakala ya karatasi iliyochapwa kwa kompyuta, yenye kichwa cha habari "Mkataba wa Mauziano ya Shamba", inayosema kwamba ameuza ekari tatu. Chini yake kulikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau, saini ya kaka aliyejiandika "mwakilishi wa familia", na majina ya mashahidi wawili, mmoja wao akiwa dalali mwenyewe. Mama alieleza kwamba aliletewa karatasi hiyo jioni, akiwa anapepeta mtama, akaambiwa kuwa ni fomu ya kuandikisha mashamba yatakayopimwa kijijini. Hakusomewa. Hajui kusoma, na aliyemletea ni mwanawe.

Nilikuwa nimejiandaa kueleza yote hayo kwa mpangilio, nikiwa na jalada mkononi. Msaidizi wa kisheria aliyetupokea, mwanamke wa makamo, alimwamkia mama kwa Kigogo, "Mbukwenyi", akamkalisha kwenye kiti chenye mikono, kisha akanigeukia.

"Wewe mwanangu, tusubiri pale nje. Tutakuita."

"Mimi ndiye niliyemleta, na nyaraka ninazo mimi."

"Ahsante kwa kumleta. Niachie nyaraka, ukae pale kwenye benchi."

Nilikaa kwenye benchi kwa muda mrefu, na sikufurahi. Baadaye mama alinisimulia alichoulizwa: nani anashika simu yake, nani anapokea kodi ya vyumba viwili alivyopangisha mjini, nani anamletea maji, kama kuna mtu anayemwogopa, na kama mimi niliyemleta nimewahi kumwomba aweke dole gumba mahali popote. Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niiheshimu huduma hii kuliko kitu kingine chochote nilichokiona pale. Anayemnyonya mzee mara nyingi ndiye anayemshika mkono, ndiye anayejua kadi yake ya kliniki iko wapi, na ndiye anayejitokeza mbele ya ofisa akiwa na jalada. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 6 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mmoja hutendewa ukatili wa namna fulani ndani ya mwaka katika jamii anamoishi, na sioni jinsi ofisi inavyoweza kuwagundua watu hao ikiwa inamsikiliza msindikizaji badala ya mzee. Katika dawati hili mteja ni mzee. Aliyemleta, hata akiwa na nia njema kiasi gani, ni mtu baki mpaka mzee mwenyewe atakaposema vinginevyo.

Kutumia Kigogo pia si jambo dogo. Mama anazungumza Kiswahili cha sokoni na cha kanisani bila shida, lakini maneno kama "hakimiliki", "uhamisho" na "pingamizi" humfanya atikise kichwa kukubali kitu ambacho hakukielewa, na kukubali kwa heshima ndiko kulikomfikisha pale tangu mwanzo. Msaidizi aliisoma karatasi ile mstari kwa mstari, akaieleza kwa Kigogo, kisha akamwomba mama amweleze yeye kilichoandikwa. Hakuendelea mpaka mama alipoweza kueleza.

Upande wa sheria ya ardhi ndio uliotolewa vizuri zaidi. Tulielezwa kwamba shamba lililoko kijijini liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kwamba kuhamisha haki miliki ya kimila kwenda kwa mtu mwingine kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo karatasi yenye dole gumba, dalali na mwana, bila idhini hiyo, haijahamisha shamba la mtu yeyote. Siku hiyo hiyo dawati liliandika barua kwa mtendaji wa kijiji kumjulisha kwamba mwenye shamba anayakana mauzo hayo na kuomba suala lisipelekwe mbele ya halmashauri kabla hajasikilizwa, na nakala ikaenda kwa baraza la ardhi la kijiji. Tulielezwa pia njia iliyobaki iwapo kijijini kutashindikana: shauri huenda kwenye baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 linasuluhisha tu bila kutoa hukumu, na likishindwa, milango ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya huwa wazi. Maelezo hayo yalitolewa kwa utulivu na bila vitisho. Hakuna aliyemwambia mama kwamba kaka atafungwa, ingawa mwenye shauku ya kumfunga angeweza kuanza kuzungumzia udanganyifu na kughushi pale pale.

Hatukulipa chochote isipokuwa nauli na gharama ya kutoa nakala. Nalisema hili kwa sababu wapo watu wanaokaa na mashine za kuchapa karibu na ofisi za umma, wanaomwandikia mzee barua hiyo hiyo kwa fedha na kumwahidi kuisimamia kesi yake. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumtoza mteja, na wala haruhusiwi kumwakilisha mahakamani. Shauri likifika huko hutafutwa wakili wa kujitolea. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza kitu kingine.

Mama aliuliza pia kuhusu wosia, akidhani kwamba akiandika siku hiyo mambo yatakuwa yamekwisha. Dawati lilikataa kuuandika siku ya ugomvi, na nadhani lilifanya sawa. Lilimweleza kwamba kwa taratibu za kimila, asiyejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wanne wanaojua kusoma na kuandika, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo, na kwamba wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa Serikali, ili usije ukaonekana ghafla wosia mwingine chini ya godoro. Aende nyumbani, afikiri, arudi ametulia. Alirudi baadaye. Kilichoandikwa sikijui, kwa kuwa siku hiyo pia nilikaa kwenye benchi.

Sasa nieleze yanayoudhi, na nianze na jengo. Dawati la wazee liko ghorofa ya kwanza. Ngazi ni za saruji, zenye kona katikati, na mhimili wa kushikia uko upande mmoja tu, upande ambao mzee aliyepooza mkono wa kulia hawezi kuutumia wakati wa kupanda. Niliona mzee mmoja akipumzika kwenye kona hiyo huku waliokuwa nyuma yake wakisubiri bila kusema neno. Kodi ya vyumba vya chini mjini hapa ni kubwa, hilo linafahamika, lakini ofisi iliyojipa jina la wazee ingeweza kuanza na jambo hilo.

Kasoro ya pili ni faragha. Chumba cha mahojiano kimetengwa na eneo la kusubiria kwa ukuta wa mbao nyembamba, na mzee mwenye masikio mazito hujibu kwa sauti kubwa. Kwa njia hiyo sote tuliokuwa bencheni tulijua habari za mwalimu mmoja mstaafu ambaye kadi yake ya benki, pamoja na namba ya siri, ilikuwa mikononi mwa mkopeshaji wa zile fedha zinazoitwa kausha damu, yaani mikopo ya mitaani yenye riba kubwa. Mkopo haukuwa wake. Mwanawe ndiye aliyekopa na kuiweka kadi ya baba kuwa dhamana, na kila mwezi pensheni ilipoingia mkopeshaji alitangulia kuitoa, akamwachia mzee kiasi alichoona kinafaa. Mzee huyo alikuwa akieleza aibu ya maisha yake, na watu wasiomfahamu walikuwa wakitazamana.

Habari za mwalimu huyo zinanifikisha kwenye udhaifu ambao kwangu ni mzito kuliko ngazi na ukuta wa mbao. Dawati linaijua ardhi na halizijui fedha. Mwalimu alishauriwa aende benki akaombe kadi ifungwe na atoe taarifa polisi, ushauri ambao ni sahihi kabisa, lakini hakupewa barua, hakusindikizwa, na hakuna mtu wa benki ambaye dawati lina mazoea ya kuwasiliana naye. Nilimkuta tena baadaye kwenye benchi lile lile na tatizo lile lile, kwa sababu alipofika benki aliogopa kueleza mbele ya foleni kwamba mwanawe ndiye aliyemfikisha hapo. Shamba linaweza kusubiri baraza. Pensheni haisubiri, kwa kuwa kila mwezi unaopita ni fedha zilizokwisha kuliwa ambazo hakuna baraza litakalozirudisha kwa urahisi.

Kwa upande wetu, jambo hilo lilijitokeza kwenye simu. Vidole vya mama vimeshika jembe tangu utotoni, na wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole mashine ya wakala haikuvisoma, hivyo mjukuu, mtoto wa kaka, akaisajili laini hiyo kwa kitambulisho chake ili bibi asikose mawasiliano. Nia inaweza kuwa ilikuwa njema siku hiyo. Matokeo yake ni kwamba fedha zote ambazo sisi watoto tulikuwa tukimtumia mama, pamoja na kodi ya vyumba, zilikuwa zikiingia kwenye laini ambayo kwa kumbukumbu za kampuni ni ya mjukuu. Dawati lilimshauri mama abadilishe namba ya siri. Ushauri huo hausaidii kitu, kwa kuwa mwenye laini kwa mujibu wa usajili anaweza kwenda dukani kwa kitambulisho chake na kupewa namba mpya ya siri muda wowote anaotaka. Tuliyatatua wenyewe kwenye duka la kampuni ya simu, si kwa wakala wa barabarani: mhudumu alimpangusa mama mikono kwa kitambaa chenye unyevu, akajaribu kidole kimoja baada ya kingine, na kidole cha pete cha mkono wa kushoto kikasomeka. Mama akapata laini yake mwenyewe kwa kitambulisho chake mwenyewe. Dawati linalohudumia wazee wakulima lingepaswa kulijua jambo hili kuliko mimi.

Simu hiyo hiyo ndiyo iliyoleta hitilafu kubwa zaidi ya huduma. Msaidizi aliyemhoji mama alijua nani anashika simu, maana aliuliza, lakini fomu haina nafasi ya kuliandika jibu hilo. Kijana wa ofisini aliyepewa kazi ya kufuatilia alipiga namba iliyokuwa kwenye fomu kabla hatujabadilisha laini, mjukuu akapokea, na kijana akamweleza kwa ukarimu wote tarehe ya kikao na sababu yake. Jioni hiyo kaka alikuwa kwa mama akitaka kujua ni lini ameanza kuwa mtu wa kushitaki watoto. Hakumgusa, na kwa hilo tunashukuru. Nilipolalamika, dawati halikujitetea. Lilikubali kosa na kuahidi kuongeza mstari kwenye fomu. Ahadi hiyo sijaiona kwenye fomu mpaka sasa.

Usuluhishi wenyewe ulifanyika kijijini, na hapa nairudia sifa. Hofu ya mama haikuwa baraza wala dalali. Alisema tangu siku ya kwanza: "Nikimshitaki, nani ataniletea maji?" Kaka ndiye anayeishi jirani, ndiye mwenye punda na mkokoteni, na wakati wa kiangazi maji ya kule si jambo la mzaha. Wengi wetu tunaoishi mjini na kutuma fedha tunasahau kwamba anayemdhulumu mzee anaweza kuwa ndiye pia anayemlisha, na kwamba mzee akiombwa achague kati ya shamba na ndoo ya maji atachagua ndoo, tena kwa busara. Msaidizi aliliweka suala la maji mbele ya suala la shamba. Makubaliano yaliyoandikwa yanasema kaka anajitoa kwenye mauzo, mama anabaki mwenye shamba, na maji yataletwa kwa siku zilizotajwa kwa malipo ambayo sisi wengine tunachanga, ili mama asiwe na deni la fadhila kwa mtu. Ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri aliombwa apite kumwona mama akiwa peke yake, na amepita. Kilichobaki ni mnunuzi anayedai malipo yake ya awali, ambayo kaka ameshayatumia.

Hata hivyo nisingependa usuluhishi uonekane dawa ya kila jambo. Nikiwa bencheni, bibi mmoja aliyevimba kifundo cha mkono alianza kupangiwa tarehe ya kukaa na familia kabla mtu yeyote hajauliza kifundo hicho kilipatwa na nini. Aliyemsaidia alikuwa mgeni kazini, na msaidizi mkubwa alipotoka chumbani alisimamisha mpango huo, akampeleka bibi mwenyewe polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo licha ya jina lake hupokea pia wazee waliofanyiwa ukatili. Mwisho ulikuwa mzuri kwa sababu mtu mmoja alitokea kwa wakati. Palipo na kipigo, kufungiwa ndani au kunyimwa chakula, kikao cha familia humrudisha mzee mikononi mwa aliyemuumiza akiwa na karatasi ya makubaliano, na dawati lilipaswa kuwa na utaratibu ulioandikwa badala ya kutegemea nani yuko zamu.

Kwa jumla ningempeleka mzee hapo bila kusita ikiwa tatizo ni shamba, kiwanja, wosia, au karatasi aliyowekewa mbele bila kusomewa. Aende na nakala ya karatasi yenyewe, kitambulisho, na jina la kijiji au mtaa lilivyo kwenye kumbukumbu za serikali, na msindikizaji ajiandae kukaa nje. Wanaopokea pensheni na kadi zao zimeshikwa na watu waanzie benki siku hiyo hiyo, wakiwa na mtu wa kuwasemea, na kadi ikishafungwa ndipo waje dawatini kwa mengine. Kwenye fomu, sehemu ya namba ya simu, iandikwe namba ya mtu ambaye mzee amemchagua wakati hakuna anayemsikiliza. Asiyeweza kupanda ngazi apige simu kabla ya kufika. Msaidizi hushuka na kumsikiliza kwenye duka la vifaa vya shule lililo chini, ingawa huko wateja wa duka huingia na kutoka, na ni afadhali kuomba muda wa mchana, wanafunzi wanapokuwa bado darasani.